Bana na Banua: Safari ya Matini Iliyobanwa Baina ya Kivinjari na Seva

Utangulizi

Makala haya yananuia kuangazia jambo dogo katika kazi ya tarakilishi, nalo ni jinsi matini inavyobanwa kabla ya kusafirishwa mtandaoni na jinsi inavyobanuliwa inapofika. Huenda msomaji akauliza ni kwa nini mada ya aina hii iletwe katika jarida la Kiswahili badala ya kuachiwa wenzetu wa sayansi ya tarakilishi. Jibu limo katika kisa kilichotupata.

Miaka michache iliyopita, kikundi cha wanafunzi ambacho mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao kilikwenda nyanjani Pwani kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu msamiati wa uvuvi. Tulitumia programu ndogo ya rununu iliyoundwa na mwenzetu mmoja. Kila jioni tuliyachapa mahojiano ya siku hiyo katika rununu, tukabonyeza kitufe cha kutuma, nayo programu ikayapeleka kwenye seva tuliyokuwa tumeazimwa. Kwa kuwa bando lilikuwa ghali na mawimbi yalikuwa hafifu, mwenzetu aliipa programu uwezo wa kuyabana mahojiano kabla ya kuyatuma. Seva ilijibu kila mara kwa nambari 200, ambayo katika itifaki ya HTTP maana yake ni kwamba ombi limefaulu. Programu ilipoiona nambari hiyo, iliifuta nakala iliyokuwa kwenye rununu ili kuokoa nafasi.

Tuliporejea chuoni tulikuta mahojiano 26, yote yakiwa vurugu la alama zisizosomeka. Kumi na saba tuliyaokoa. Tisa hayakuokoka, na mmoja wa wazee waliosimulia katika hayo tisa alikuwa ameshafariki. Sehemu kubwa ya makala haya inaeleza kwa nini hali ikawa hivyo, na ni kitu gani kilichoyatenga yale kumi na saba na yale tisa.

Suala la istilahi

Hatuna budi kuafikiana kwanza kuhusu maneno. Wapo wanaosema kugandamiza data, wapo wanaosema kukandamiza, na wapo wanaosema kufinyaza. Kukandamiza kumekwisha kutwaliwa na wanasiasa na madhalimu, na si rahisi kukirejesha katika shughuli za amani. Kugandamiza nako hudokeza kitu kizito kilichowekwa juu ya kingine hadi kikaumia. Makala haya yanapendelea kitenzi bana, na sababu yake ni ya kimofolojia: bana ina kauli yake ya kutendua, yaani banua, kama vile funga ilivyo na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua. Data inayobanwa hubanwa kwa nia ya kubanuliwa. Kitenzi ambacho kutenduliwa kwake kunapatikana ndani ya mnyambuliko wake chenyewe kinaibeba dhana nzima bila ya kukopa chochote. Kuna watakaosema kwamba banua aghalabu hutumika kwa kufungua kwa nguvu. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haitudhuru. Kutokana na vitenzi hivyo tunapata ubanaji na ubanuaji, matini iliyobanwa na matini iliyobanuliwa.

Ni muhimu pia kutofautisha ubanaji unaopoteza na ubanaji usiopoteza. Mwanafunzi anayeandika "2po" katika ujumbe wa rununu amelibana neno "tupo", ila amebana kwa kupoteza, maadamu anayeusoma hana budi kukisia iwapo hiyo "2" ni silabi "tu" au ni idadi. Picha na muziki hubanwa kwa namna hiyo ya kupoteza, na jicho au sikio husamehe. Matini haisameheki. Ubanaji unaozungumziwa hapa ni ule usiopoteza, ambapo kinachobanuliwa hulingana na cha asili herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi, hadi kituo cha mwisho.

Jinsi matini inavyobanwa

Msingi wa ubanaji ni kwamba lugha hujirudia. Mnamo mwaka wa 1977, Abraham Lempel na Jacob Ziv walichapisha mbinu ambayo kwayo kipande cha matini kilichokwisha kutokea hakiandikwi tena. Mahali pake panawekwa rejeleo lenye nambari mbili, moja ya kueleza turudi nyuma hatua ngapi, nyingine ya kueleza tunakili herufi ngapi. Mtu anayekifahamu Kiswahili ataona mara moja kwamba lugha yetu imeumbwa kwa ajili ya mbinu hii. Upatanisho wa kisarufi unalirudia kiambishi kilekile katika sentensi nzima. Tuitazame sentensi hii:

watoto wawili wale wadogo wamewasili

Sentensi ina herufi 36, nafasi zikihesabiwa. Katika umbizo liitwalo deflate, ambalo ndilo linalotumika sana mtandaoni, rejeleo halikubaliwi iwapo kipande kina herufi chini ya tatu. Kiambishi "wa-" kina herufi mbili tu, basi peke yake hakifai. Hata hivyo tarakilishi haijui mofimu wala mipaka ya maneno. Kwake nafasi ni herufi kama nyingine, na nafasi ikifuatwa na "wa" hutimiza tatu. Sehemu ya "watoto wawili" inaandikwa nzima, kwa kuwa hakuna kipande cha kutosha kilichotangulia. Katika "wale", badala ya nafasi na "wa", tunaandika: rudi nyuma 7, nakili 3. Katika "wadogo": rudi nyuma 5, nakili 3. Baada ya hapo linatokea jambo la kupendeza. Herufi "o" inayomalizia "wadogo", pamoja na nafasi na "wa" ya "wamewasili", huunda kipande cha herufi nne kilichokwisha kutokea mwanzoni, pale "watoto" inapokutana na "wawili". Basi: rudi nyuma 19, nakili 4. Mwisho wa "wamewasili" tunapata "ili", ambayo imo katika "wawili": rudi nyuma 23, nakili 3. Herufi 36 zimekuwa herufi 23 na marejeleo manne.

Msomaji ajaribu sentensi ya ngeli ya KI-VI kwa kalamu na karatasi. Atagundua kwamba kadiri matini inavyorefuka ndivyo marejeleo yanavyokuwa marefu, kwani deflate huweza kurudi nyuma hadi hatua 32,768 na kunakili hadi herufi 258 kwa mkupuo mmoja. Katika matini ndefu, vipande kama "kwa sababu ya" au "waliokuwa" havichelewi kugeuka jozi za nambari.

Hatua ya pili ya deflate ni ya David Huffman, na kisa chake hakina budi kuwafurahisha wanafunzi. Mwaka wa 1951, akiwa mwanafunzi katika chuo cha MIT nchini Marekani, Huffman na wenzake walipewa na mwalimu wao, Robert Fano, hiari ya kufanya mtihani wa mwisho au kuandika insha ya utafiti. Huffman alichagua insha, na katika insha hiyo akapata njia bora ya kuzipa alama zinazotumika sana msimbo mfupi na zile adimu msimbo mrefu. Ilichapishwa mwaka wa 1952. Wazo la msimbo mfupi kwa herufi ya kawaida lilikuwapo tangu zamani za telegrafu. Alfabeti ya Morse iliipa "e" nukta moja pekee kwa kuwa "e" ndiyo herufi inayozidi katika Kiingereza, ilhali katika Kiswahili inayozidi ni "a". Kwa hiyo simu ya maandishi ya Kiswahili iliyopelekwa kwa Morse ilikuwa ikilipa ushuru wa lugha ya watu wengine. Mbinu ya Huffman haina upendeleo huo, kwa sababu jedwali la misimbo huweza kuundwa upya kutokana na matini yenyewe inayobanwa. Ikipewa Kiswahili, "a" hupata msimbo mfupi, nazo "q" na "x" hazigharimu chochote zisipotokea.

Phil Katz ndiye aliyeziunganisha mbinu hizi mbili zikawa deflate. Jean-loup Gailly na Mark Adler wakaiweka deflate ndani ya gzip mwaka wa 1992, na maelezo rasmi ya zote mbili yakatolewa mwaka wa 1996. Inafaa kukumbuka kwamba gzip huongeza baiti 18 za utambulisho na uhakiki, 10 mwanzoni na 8 mwishoni, kwa hiyo ujumbe wa maneno matatu ukibanwa huenda ukanenepa badala ya kukonda. Ukurasa mzima wa matini ni jambo tofauti. Aghalabu hubaki kiasi cha thuluthi moja ya ukubwa wake. Kwa msomaji anayenunua bando la siku, hiyo ndiyo tofauti ya kufungua hadithi moja na kufungua tatu.

Jibu lililobanwa

Kila ujumbe wa HTTP una kichwa na kiwiliwili. Kichwa ni mistari michache ya maelezo inayotangulia. Kiwiliwili ni mzigo wenyewe. Kivinjari kinapoomba ukurasa, huweka katika kichwa cha ombi mstari unaoitwa Accept-Encoding, ambamo hutaja mbinu za ubanaji kinazozimudu, mathalani gzip na br. Seva huchagua mojawapo, hubana kiwiliwili cha jibu, na katika kichwa cha jibu huandika mstari wa Content-Encoding ukitaja mbinu iliyotumika. Kivinjari huusoma mstari huo, hubanua, na mtumiaji hajui kwamba lolote limetendeka. Ni kama kifurushi kinachotumwa kwa basi kutoka Kisumu hadi Mombasa: kilivyofungwa ni siri ya mtumaji, ila maandishi ya juu lazima yaseme kilivyofungwa ili mpokeaji asikikate kwa kisu akaharibu vilivyomo.

Utaratibu huu umekuwapo tangu toleo la 1.1 la itifaki hiyo, lililotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1997. Seva haishurutishwi kubana. Isipobana, hutuma matini wazi, na hakuna anayekosewa. Picha za JPEG na nyimbo za MP3 hazina haja ya kubanwa tena, kwa kuwa zilikwisha kubanwa zilipoundwa, na kuzirudia ni kuchosha mashine bure.

Kuna seva za kati pia, ambazo huweka akiba ya kurasa ili wasomaji wa baadaye wasisubiri. Kenya ilipokuwa ikitegemea setilaiti, kabla ya nyaya za baharini za mwaka wa 2009 kufika Mombasa, akiba za namna hii zilikuwa na thamani kubwa. Hatari yake ni hii: seva ya kati ikihifadhi nakala iliyobanwa kisha ikampa mtu ambaye kivinjari chake hakikuomba nakala iliyobanwa, huyo ataona vurugu. Kinga yake ni mstari wa Vary katika kichwa cha jibu, unaoiambia seva ya kati kwamba jibu hili hubadilika kulingana na Accept-Encoding, kwa hiyo nakala zitenganishwe.

Wanaisimu watavutiwa na mkanganyo mmoja. Neno deflate, linapoandikwa katika Content-Encoding, kwa mujibu wa kanuni humaanisha data ya deflate iliyovikwa ganda la zlib. Baadhi ya waundaji wa programu walilichukua kwa maana ya wazi, wakatuma deflate tupu isiyo na ganda. Vivinjari vikalazimika kukisia. Neno moja lilikuwa na maana mbili, wazungumzaji wa pande zote wakaamini kwamba wamelitumia sawasawa, na hatimaye wengi wakaona ni salama zaidi kulikwepa na kutumia gzip, ambayo haina utata.

Ombi lililobanwa

Hadi hapa tumeeleza upande wa jibu, na upande huo una bahati: kivinjari hutanguliza kueleza kinachoweza. Upande wa ombi ni kinyume. Rununu inapopeleka mahojiano kwenye seva, inaongea kwanza. Inabisha hodi kwenye nyumba ambayo haijui wenyeji wake wanasema lugha gani. Seva nyingi hubana majibu bila ya shida, ilhali hazikuandaliwa kubanua maombi, na hakuna kitu katika hodi ya kwanza kinachoijulisha rununu hivyo.

Programu yetu iliandika mstari wa Content-Encoding kama ipasavyo. Haikudanganya. Programu ya upande wa seva haikuusoma mstari huo kamwe. Ilikichukua kiwiliwili kama kilivyokuja, ikakihifadhi, kisha ikajibu 200. Kosa hilo lina jibu lake katika itifaki. Seva isiyoimudu mbinu ya ubanaji iliyotumika katika ombi inapaswa kujibu kwa nambari 415, yenye maana kwamba kiwiliwili kimekuja kwa namna isiyokubalika, na waraka RFC 7694 wa Novemba 2015 ukaongeza kwamba katika jibu hilo seva iweke mstari wa Accept-Encoding unaotaja mbinu inazozimudu. Kwa njia hiyo rununu hupata kujua lugha ya wenyeji, ikatuma upya. Kanuni hiyo imo pia katika RFC 9110 ya Juni 2022. Iwapo seva yetu ingejibu 415, programu isingefuta chochote. Tungenung'unika kuhusu bando, na mahojiano yangekuwapo.

Sasa tuje kwenye yale kumi na saba. Seva hiyo ilikuwa na desturi ya kuhifadhi mahojiano marefu kama faili, baiti kwa baiti, na kuyaingiza mafupi katika hifadhidata kama matini ya kawaida. Tulipozichunguza faili, tuliona kwamba kila moja ilianza na baiti 31 ikifuatwa na 139. Jozi hiyo ndiyo alama ya gzip. Kila data ya gzip huanza nayo. Tulizibanua, na mahojiano yakatokea yakiwa kamili. Baiti nane za mwisho katika gzip zina nambari ya uhakiki na urefu wa matini ya asili, kwa hiyo tuliweza hata kuthibitisha kwamba hakuna herufi iliyopotea.

Yale tisa yaliyoingia katika hifadhidata yalikuwa na mkasa mwingine. Hifadhidata ilidhani kwamba imepewa matini katika mfumo wa UTF-8, mfumo ambao siku hizi huandikia karibu lugha zote mtandaoni. Katika mfumo huo si kila mfuatano wa baiti unakubalika. Baiti 139, kwa mfano, haiwezi kuanzisha herufi. Inaweza tu kufuata nyingine. Programu ya seva ilipokutana na baiti isiyokubalika iliiondoa na kuweka mahali pake ile alama ya badala, ambayo aghalabu huonekana kama kiulizo ndani ya msambamba, nayo huandikwa kwa baiti 239, 191 na 189. Baiti 139 iligeuka alama hiyo, baiti 200 ikageuka alama hiyohiyo, na nyingine nyingi vilevile. Ni kama fonimu kadhaa zilizoungana katika lahaja zikawa sauti moja: anayesikia leo hana njia ya kujua neno fulani lilikuwa na ipi. Tuliyatazama mahojiano hayo kwa siku nyingi. Mianzo yake ilikuwa 31, 239, 191, 189, 8. Tulijua kwamba hapo palikuwa na 139, kwa sababu gzip daima huanza hivyo. Zaidi ya hapo hatukujua chochote.

Utaratibu ndio uliovunjwa. Kubanua hutangulia, kuzitafsiri baiti kuwa herufi hufuata. Anayegeuza utaratibu huo huiua data, na hufanya hivyo kimyakimya, maana hakuna ilani inayotolewa.

Baadaye tuliirekebisha programu. Kwanza hutuma ombi dogo la majaribio lililobanwa. Ikipata 415, huacha kubana. Fauka ya hayo, seva sasa hubanua, huhesabu herufi za matini iliyopatikana, na kuirudisha idadi hiyo katika jibu. Rununu hailinganishi na nambari 200 tena. Hulinganisha idadi, na hata idadi zikilingana, nakala hubaki kwenye rununu hadi mtafiti mwenyewe aseme ifutwe. Mwalimu wetu mmoja alisema kwamba daftari lingetosha. Hakukosea sana.

Hatari mbili

Seva inayokubali kubanua maombi inafungua mlango, na milango huingiliwa. Deflate huweza kubana hadi uwiano wa takribani 1,032 kwa 1 iwapo matini ni herufi moja inayorudiwa. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kutuma megabaiti moja ambayo ikibanuliwa huzidi gigabaiti moja, na seva ikajaa hadi ikaanguka. Kwa hiyo haitoshi kuuwekea mpaka mzigo unaoingia. Mpaka uwekwe kwa kile kinachotoka katika ubanuaji, na kubanua kufanywe kidogo kidogo ili mpaka ukifikiwa kazi ikomeshwe na mtumaji ajibiwe 413, yaani mzigo umezidi.

Hatari ya pili ni ya hila zaidi. Mwaka wa 2013 watafiti watatu walionyesha shambulio waliloliita BREACH. Ikiwa ukurasa mmoja una neno la siri na pia unarudia maneno aliyoyatuma mshambulizi, basi mshambulizi akikisia sehemu ya siri kwa usahihi, ubanaji utapata kipande kinachojirudia, na jibu litapungua kwa baiti chache. Hata kama ujumbe umefichwa kwa usimbaji, urefu wake huonekana. Siri huvuja kupitia unene. Tiba mojawapo ni kutobana kurasa zenye siri za mtumiaji, na nyingine ni kuibadilisha sura ya siri katika kila jibu.

Kamusi isiyo na Kiswahili

Tumesema kwamba mbinu ya Huffman haina upendeleo. Mbinu mpya zaidi, Brotli, haiwezi kusifiwa hivyo. Iliundwa na Jyrki Alakuijala na Zoltán Szabadka wa Google huko Zürich, nayo imeelezwa katika RFC 7932 ya Julai 2016. Ndiyo ile iitwayo br katika vichwa vya ujumbe. Jina lake limetokana na aina ya mkate mdogo wa Uswisi. Brotli huishinda gzip kwa matini za tovuti, na sababu mojawapo ni kwamba kila kivinjari kinachoimudu kimebeba ndani yake kamusi ya baiti 122,784. Kipande kilichomo katika kamusi hiyo huweza kurejelewa hata kabla hakijatokea kwenye ukurasa. Mwanzo wa matini, ambapo gzip huwa haina kitu cha kurejelea, Brotli tayari ina akiba.

Kamusi hiyo ina maneno na silabi 13,504 za Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kihindi, Kirusi na Kiarabu, pamoja na vifungu vya lugha za kuundia kurasa. Kiswahili hakimo. Hata yale maneno yetu yenye asili ya Kiarabu hayapati msaada, kwa kuwa ya Kiarabu yamo kwa hati ya Kiarabu nasi tunaandika kwa hati ya Kirumi. Ukurasa wa Kiswahili bado hubanwa vizuri, kwa sababu zilezile za upatanisho tulizozieleza, na ukurasa mrefu hauhisi pengo kubwa. Ukurasa mfupi ndio unaohisi: taarifa ya aya tatu, shairi, tangazo la mkutano. Tena kamusi hiyo haiwezi kuongezewa neno, maana kila kivinjari duniani kina nakala yake, na kubadilisha neno moja kungevuruga vyote.

Mwaka wa 2025 ilitolewa kanuni nyingine inayotufungulia njia, RFC 9842. Kwa kanuni hiyo, tovuti yenyewe huweza kukipa kivinjari kamusi yake, kivinjari kikaihifadhi, na katika maombi yanayofuata kikatangaza kwamba kinayo. Seva hubana majibu kwa kuitegemea kamusi hiyo. Tovuti ya Kiswahili inaweza basi kuwa na kamusi ya Kiswahili.

Kamusi ya aina hii si kamusi tunayoijua. Haina vidahizo wala fasili, na haijali iwapo kipande ni neno. "Kwa sababu" imo, ila "liyoku" huenda ikawa na thamani kubwa zaidi, kwa kuwa imo ndani ya "iliyokuwa", "yaliyokuwa" na "aliyokusanya". Vipande huteuliwa kwa kuhesabu mara ngapi vinatokea na vinaokoa herufi ngapi, na kuhesabu huko huhitaji kopasi kubwa ya matini iliyosafishwa, yenye tahajia sanifu na mchanganyiko wa habari, hadithi na mazungumzo. Kazi ya kukusanya na kusafisha kopasi ni yetu, si ya wahandisi. Tulipojaribu mara ya kwanza tulitumia yale mahojiano 17. Yalikuwa machache mno, na kipande kilichoongoza orodha nzima kilikuwa "nyavu".